Kuovakloki prosesa: itakufa mapema ama la? Hatua kwa hatua, na joto letu la Mombasa

Swali ni lile lile kila wiki: ukiovakloki, yaani ukiilazimisha prosesa iende spidi kuliko iliyowekewa kiwandani, itakufa mapema? Juzi kwenye feri ya Likoni kijana amebeba kompyuta yake begani, ameifunga na leso ya mamake isiingie vumbi, akaniona na begi la vifaa, salamu haijaisha ashaniuliza: "Kaka, nikiovakloki hii itakufa haraka?" Nikashuka ng'ambo ya pili, nimefika dukani, dada mmoja wa Tudor anayefanya kazi za video akaniuliza hilo hilo. Sasa naandika mara moja, kila mtu asome atulie.

Jibu lenyewe ni fupi. Ndio, kuovakloki kunapunguza umri wa prosesa. Lakini kinachokula umri si spidi, ni voltiji (ule msukumo wa umeme inaopewa) na joto. Spidi ikipanda kidogo na voltiji ikabaki pale pale, hasara yake ni ndogo sana hutaiona. Voltiji ikipanda, joto linapanda nayo, hapo ndipo prosesa ambayo ingeishi mpaka uichoke inaanza kuchoka kabla yako. Mimi nyumbani nnayo i5-2500K, prosesa ya Intel iliyotoka 2011, iko spidi ya gigahezi 4.3 kwa volti 1.28 miaka yote niliyokaa nayo na mpaka leo watoto wanafanyia homuweki. Na nimeshika kwa mikono yangu Ryzen 5 2600 (hiyo ni ya AMD) ya mteja iliyochoka kwa mwaka mmoja na nusu tu, nitakueleza chini kwa nini.

Kabla sijasahau, nikisema prosesa simaanishi lile kasha zima ambalo wengi wetu twaliita CPU. Namaanisha kile kidude cha mraba kinachofanya hesabu zote, kilichokaa chini ya hitisinki, lile dude la chuma lenye mapezi linalokipoza.

Nadharia ni hii tu, na baada ya hapa sirudii. Ndani ya prosesa mna nyaya za shaba nyembamba mno, na umeme mwingi ukipita kukiwa na joto unazisukuma chembe za shaba zihame taratibu, waya unaanza kupungua mahali. Zile transista, yaani viswichi vidogo mno vya ndani, nazo zikikaa chini ya voltiji kubwa muda mrefu zinakuwa nzito, zinataka voltiji zaidi kufanya kazi ile ile ya jana. Halafu kuna hesabu ya umeme: matumizi yanapanda kwa spidi, lakini kwa voltiji yanapanda kwa mraba wake. Chukua prosesa ya 4.2 gigahezi kwa volti 1.20, ipeleke 4.6 kwa volti 1.35. Spidi umeongeza kama asilimia 9 na nusu, umeme umeongeza karibu asilimia 39. Huo umeme wote wageuka joto, na joto hilo liko chumbani kwako Majengo mwezi wa tatu saa nane mchana.

Uwe na hivi kabla ya kugusa chochote

Prosesa inayokubali. Kwa Intel za mezani, ile yenye herufi K mwishoni (2500K, 9600K, 12600K na ndugu zao), na madabodi (ile bodi kubwa inayobeba vyote) iwe ya chipuseti ya Z kama Z390, Z490 ama Z690. Kwa AMD, Ryzen karibu zote zimefunguliwa, ila madabodi za A320 na A520 hazikubali, tafuta B450, B550, X570 na kadhalika. Ryzen 7 5800X3D imefungwa, hiyo usiisumbue.

Na hapa niseme wazi maana wengi wanakuja kwangu wamevunjika moyo: zile mashini za ofisini zilizotumika ng'ambo, HP EliteDesk, Dell OptiPlex, zilizo na i5-6500 ama i5-4570, haziovakloki. Prosesa imefungwa, BIOS (ile menyu ya setingi za madabodi kabla Windows haijawaka) imefungwa, hakuna setingi iliyofichwa. Mtu akikwambia atakufanyia kwa pesa, weka pesa yako mfukoni, nunua SSD ama ongeza RAM, utaona tofauti kubwa zaidi. Laptopu vile vile, achana nayo, ile imebanwa na joto tangu kiwandani.

Hitisinki nzuri na feni yake. Kale kadogo kanakokuja ndani ya boksi ni ka kuendesha prosesa ilivyo, si ka kuongezea. Usiwe na haraka ya kununua ya maji, hitisinki ndefu ya hewa yenye feni ya milimita 120 yatosha kabisa, na pampu ya maji ikifa hapa kwetu huipati dukani siku hiyo hiyo.

Pesti ya prosesa (ya kupitisha joto kwenda kwa hitisinki), brashi laini, spiriti ya kusafishia. Pawa saplai ya kuaminika, si ile nyepesi iliyokuja bure na kasha. UPS (betri inayoishikilia kompyuta stima ikipotea), hata ndogo ya dakika 10. Kipimajoto cha chumba, kile cha ukutani cha bei rahisi. Programu ya HWiNFO ya kusoma joto na voltiji, Cinebench na OCCT ama Prime95 za kuipa prosesa mzigo, zote wadaunlodi bure. Daftari na kalamu, usicheke, utanikumbuka. Na kopi ya faili zako kwenye diski nyingine, kwa sababu kompyuta ikizimika ghafla mara 20 kwa jioni moja, Windows yaweza kuharibika hata prosesa ikiwa salama.

Hatua zenyewe

1. Safisha kwanza.

Fungua kasha, toa vumbi. Vumbi la Mombasa si vumbi la bara, linachanganyika na unyevu na chumvi ya bahari linashika kwenye mapezi ya hitisinki kama unga uliolowa, kupuliza kwa mdomo hakutoi kitu, tumia brashi. Toa hitisinki, pangusa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Si zaidi. Nimeona watu wanapaka kama siagi kwenye mkate mpaka inamwagika kwenye soketi. Na kama ni Ryzen ya soketi ya AM4, washa kompyuta kidogo ipate moto ndio uzime utoe hitisinki kwa kuizungusha taratibu, ukivuta kwa nguvu ikiwa baridi prosesa yang'oka nayo na pini zapinda.

2. Pima hali ya sasa uandike.

Washa HWiNFO, andika joto la chumba, andika joto la prosesa ikiwa imetulia, halafu endesha Cinebench dakika 10 uandike joto la juu kabisa, spidi, voltiji na alama ulizopata. Hii ndiyo picha ya kabla. Kama mashini ambayo hujaigusa tayari yafika nyuzi 88 kwa mzigo, simama hapo hapo, huna nafasi ya kuovakloki, una tatizo la upoaji.

Sikiza hapa vizuri maana ndipo wengi wa Pwani wanapokosea. Video unayoitazama YouTube, yule mtu amekaa kwenye chumba cha nyuzi 21. Wewe chumba chako Februari na Machi ni 32, na usiku hakishuki sana. Joto la prosesa ni joto la chumba ukiongeza joto inalozalisha, kwa hivyo prosesa iliyomsomea yeye 75 itakusomea wewe kama 86, hitisinki ile ile, setingi zile zile. Zile nyuzi 11 unaanza nazo tayari umezitumia. Kwa hivyo usikopi namba za mtu wa London ama Toronto, kopi mwendo wake tu.

3. Apdeti BIOS, ukiwa na UPS.

Stima ikipotea katikati ya kuapdeti BIOS, madabodi yaweza kufa pale pale, na hapo haitakuwa habari ya umri tena. Chomeka kwenye UPS, ngoja saa ambazo stima haichezi mtaani kwenu, ndio ufanye.

Na usiruke hatua hii hata kama hutaovakloki. Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na shida kubwa ya kuyumba, na mwaka 2024 Intel wenyewe wakaeleza kwamba voltiji ilikuwa inapanda kupita inavyotakiwa na kuichosha prosesa. Marekebisho yalitoka kwa BIOS, maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa Agosti mwaka ule, kisha 0x12B iliyofuata, na wakaongeza waranti miaka 2. Zile mashini nyingine hakuna aliyeziovakloki, zilichoka na setingi za kawaida. AMD nao 2023 kulikuwa na Ryzen 7000 za X3D zilizoungua kwenye soketi, BIOS mpya zikafunga voltiji ya SoC (sehemu ya prosesa inayoshughulikia RAM na mengineyo) isipite 1.3. Nataja haya yote mawili kwa sababu watu wanadhani nambari za hezi ndizo zinazoua. Pande zote mbili ilikuwa voltiji.

Haya marekebisho hayarudishi prosesa ambayo imeshachoka. Yanazuia tu isiendelee.

4. Weka dari lako kabla ya kuanza.

Andika kwenye daftari, tena kwa wino, namba ambazo hutapita hata ukikaribia kufika spidi uliyoitamani. Zangu mimi ni hizi: kwa Intel K za kizazi cha 6 mpaka cha 10, volti 1.35. Kwa Ryzen 1000 na 2000, volti 1.35. Kwa Ryzen 3000 na 5000 ukiweka voltiji kwa mkono, 1.30 mwisho, na 1.25 nalala vizuri zaidi. Joto, nyuzi 85 kwa testi kali na 75 kwa gemu. Prosesa yenyewe huwa imeandikiwa kuvumilia zaidi, Intel nyingi mpaka 100, Ryzen 3000 mpaka 95, lakini kule ni mahali inapoanza kujipunguza yenyewe ili isife, si mahali pa kuishi. Ryzen 7000 ndizo tofauti kidogo, zimetengenezwa zipande mpaka 95 zikipewa mzigo wote, usishtuke ukiiona.

Kama nia yako ni mashini idumu miaka 7 au 8, shusha kila namba hapo juu kidogo.

5. Zima vitu vinavyochanganya.

Ingia BIOS, zima XMP ama EXPO, setingi inayoipandisha RAM spidi, kwa sasa. Ile nayo ni kuovakloki, RAM na kidhibiti chake kilicho ndani ya prosesa, na ukiviovakloki vyote kwa pamoja kompyuta ikianguka hutajua ni nani aliyekuangusha.

6. Voltiji iweke kwa mkono. USIACHE AUTO.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili ndilo kosa namba moja na ndilo lililoiua ile Ryzen 5 2600 niliyokwambia. Mwenyewe aliweka resho, ile namba inayopanga spidi, ya kufika gigahezi 4.1, akaona imewaka, akafurahi, akaacha voltiji kwenye Auto. Madabodi ikiona umeongeza spidi na hujaiambia voltiji, inajiamulia, na inaamua kwa ukarimu ili mashini isianguke. Nilipoipima ilikuwa inapewa 1.45 kwa mzigo, mchana na usiku, kwenye chumba cha Bamburi dirisha limefungwa. Baada ya mwaka na nusu ikawa haishiki 4.1, ikawa haishiki 4.0, na alipoileta hata kwa setingi za kiwandani ilikuwa inaanguka akifungua vitu vingi. Kijana alikuwa ameidunduliza pesa ile kwa kuuza viazi karai na dadake jioni. Iliniuma sana, na ndio maana nasema sana juu ya jambo hili.

Kwa hivyo: tafuta sehemu iliyoandikwa Vcore ama CPU Core Voltage, iweke Manual ama Override. Kwa mfano huo huo wa Ryzen 5 2600, anza na 1.25. Ile setingi ya LLC inayozuia voltiji isishuke mzigo ukija, iweke katikati, usiweke kali kuliko zote, kwa sababu ikiwa kali sana mzigo ukiondoka ghafla voltiji yaruka juu kwa muda mfupi ambao programu haikuonyeshi.

7. Panda polepole, 100 kwa 100.

Ongeza resho moja, yaani megahezi 100 (0.1 ya gigahezi), sevu, washa, endesha Cinebench dakika 10, tazama joto na voltiji kwenye HWiNFO, andika. Ikipita, ongeza tena. Mimi na 2600 ya kwangu ilikuwa hivi: 3.8 kwa 1.25 sawa, 3.9 kwa 1.25 sawa, 4.0 kwa 1.25 ikaanguka, nikapeleka 1.2875 ikasimama. 4.1 ikataka 1.375. Hapo nikarudi 4.0 na nikafunga kasha. Megahezi 100 za mwisho zilikuwa zinataka voltiji zaidi ya zote zilizotangulia kwa pamoja, na kwenye gemu huzioni kwa macho, zinaonekana kwenye alama za testi tu.

Kila prosesa ina mahali pake ambapo voltiji inaanza kupanda ghafla kama ngazi za Fort Jesus. Ukifika hapo, rudi hatua moja chini ukae. Na prosesa mbili za jina moja, boksi moja, hazifanani, ya rafiki yako ikifika 4.2 kwa voltiji ndogo ni riziki yake, usiilazimishe yako.

Angalizo moja la Ryzen 3000 na 5000: hizi zinajipandisha zenyewe vizuri sana. Ryzen 5 3600 yaruka mpaka 4.2 kwa kazi ya kiini kimoja (prosesa ina viini kadhaa vya kufanya kazi) bila kuguswa. Ukiifunga viini vyote 4.1 kwa mkono waweza kupata Cinebench nzuri na gemu zikawa nzito kuliko mwanzo. Kwa hizi soma ile sehemu ya kupunguza voltiji huko chini, ndiyo yenu.

8. Testi ndefu, kwenye joto la kweli.

Cinebench dakika 10 ni ya kuonja tu. Sasa endesha OCCT ama Prime95 saa 1 mpaka 2, kisha cheza gemu lako ama renda video yako saa kadhaa kama kawaida. Na fanya mchana, si saa tano usiku. AC izimwe, dirisha na mlango viwe kama vinavyokuwa siku zote. Mimi nimewafanyia watu mwezi wa saba, upepo wa kusi unavuma, chumba nyuzi 26, kila kitu safi, halafu kaskazi ikiingia na joto la Februari wananirudia mashini yaanguka. Siku hizi nikifanya kusi naacha nyuzi 8 za akiba chini ya dari langu. Ikisoma 77 mwezi wa saba ndio naridhika.

Ukipita 85, usijaribu kuzoea. Shusha voltiji, shusha spidi.

9. Rudisha XMP, testi tena.

Washa XMP ama EXPO, endesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku mmoja. Ikianguka sasa wajua ni RAM. Kwa Ryzen 7000 na zaidi, hakikisha voltiji ya SoC haijapita 1.3 baada ya kuwasha EXPO.

10. Piga picha setingi zote na simu.

Kila ukurasa wa BIOS. Betri ya madabodi ikiisha ama stima ikicheza, setingi zote zaweza kupotea, na wewe hutakumbuka.

Baada ya hapo kila miezi mitatu toa vumbi, na linganisha joto na lile la daftari. Daftari ndilo litakalokwambia kama prosesa inachoka ama ni hitisinki imejaa uchafu.

Njia ninayowashauri wengi: punguza voltiji badala ya kuongeza

Nikimuuliza mtu kwa nini ataka kuovakloki, mara nyingi jibu ni kompyuta yapata moto, feni zapiga kelele, gemu linakwama baada ya nusu saa. Huyo hahitaji spidi, prosesa yake inajipunguza kwa joto. Ukiipunguzia voltiji inapoa, ikipoa inashika spidi yake muda mrefu zaidi, na umri unaongezeka badala ya kupungua. Kwa hali ya hewa yetu hii ndiyo naipenda kuliko zote, na hata yule dada wa Tudor ndiyo niliyomfanyia.

Kwa Ryzen 5000 na 7000, ingia BIOS kwenye PBO (setingi za AMD za prosesa kujipandisha spidi), tafuta Curve Optimizer ya kushusha voltiji, chagua viini vyote, weka hasi 10. Tumia siku mbili. Ikikaa, weka hasi 15, siku mbili tena. Wengine wanafika 20 na zaidi, lakini usikimbilie. Angalia kitu kimoja: kupunguza voltiji kukizidi, mara nyingi kompyuta haianguki kwa mzigo mkubwa, inaanguka ikiwa imetulia ama unasoma tu, kwa hivyo usiamini testi kali peke yake. Kama madabodi yako ina Eco Mode, ile nayo ni nzuri, wapoteza spidi kidogo sana na joto lashuka sana.

Kwa Intel ambazo zinakubali, tafuta Offset ya voltiji, weka hasi 0.030, testi, kisha hasi 0.050. Nyingi zafika hapo bila malalamiko.

Hii haiovakloki kitu, lakini wengi wakimaliza hawarudi tena kuniuliza habari ya kuovakloki.

Mambo yakienda kombo

*Umebonyeza sevu na skrini haiwaki kabisa.* Tulia, hujaua kitu. Ngoja dakika 2 maana madabodi nyingine hujaribu zenyewe mara tatu kisha zinarudi. Isiporudi, zima, chomoa waya wa stima, toa ile betri ya duara CR2032 dakika 5, rudisha. Ama gusanisha zile pini mbili zilizoandikwa CLR CMOS kwa bisibisi sekunde 10. Itarudi setingi za kiwandani.

*Skrini ya buluu ama inaganda katikati ya testi.* Spidi imezidi voltiji. Rudi megahezi 100 nyuma. Kama bado uko chini ya dari waweza kuongeza voltiji 0.0125, mara moja, mbili, basi.

*Haianguki lakini HWiNFO yaonyesha makosa ya WHEA (ripoti za Windows za hitilafu za vifaa).* Hiyo haijatulia, hata kama gemu linacheza. Makosa hayo ni dalili, na mashini isiyotulia yaweza kuharibu faili zako polepole bila kukwambia. Rudi nyuma.

*Spidi yapanda halafu yashuka yenyewe kwa mzigo.* Joto la prosesa, ama zile sakiti za kuigawia umeme zilizo kwenye madabodi zimepata moto. Gusa hewa inayotoka hapo kwa kiganja. Madabodi za bei ya chini hazina vipande vya kupoza hapo, na hizo usizibebeshe prosesa ya viini 8 iliyoongezwa.

*Ryzen yangu imetulia tu na yasoma volti 1.4 na zaidi, inaungua?* Hapana. Ni kawaida ikiwa setingi ni za kiwandani, yaruka juu sekunde kidogo kwa kiini kimoja umeme ukiwa mdogo, kisha yashuka. Kibaya ni 1.4 iliyofungwa kwa mkono, viini vyote, kwa mzigo.

*Ilikuwa sawa mwaka mzima, sasa yaanguka kwa setingi zile zile.* Kabla ya kulaumu prosesa, toa vumbi, badilisha pesti, jaribu RAM moja moja, jaribu pawa saplai nyingine. Hapa kwetu chumvi na stima inayoruka zinaua pawa saplai na madabodi mara nyingi kuliko prosesa. Vyote vikiwa sawa na daftari laonyesha joto ni lile lile, basi prosesa imechoka kidogo. Usiiongezee voltiji ili kushika spidi ya zamani, huko ni kuiharakisha. Shusha megahezi 100 ama 200, yaweza kukaa hivyo miaka mingine.

*Yaanguka hata kwa setingi za kiwandani, RAM na pawa ni nzima.* Hiyo imechoka kweli. Kama iko ndani ya waranti jua kwamba Intel na AMD hawalipi uharibifu wa kuovakloki, ila kama ni ile Intel ya kizazi cha 13 ama 14 na hukuigusa, dai haki yako, usinyamaze. Kama waranti imekwisha, ishushe spidi na voltiji kwa mkono uitumie kwa kazi nyepesi.

*Nanunua prosesa iliyotumika, nitajuaje kama ilichoshwa?* Muombe muuzaji uijaribu kwenye mashini, BIOS irudishwe kiwandani, XMP izimwe, OCCT nusu saa na HWiNFO pembeni. Ikitoa kosa hata moja, iache. Na wewe siku ukiuza yako, mwambie mnunuzi ulikuwa waiendesha kwa voltiji gani na miaka mingapi, mpe na daftari.